Mstari wa Chini wa Kibao

Mzinga wa nyuki wa Mkamba una mwenyewe, na mwenyewe anajulikana hata kama mzinga umetundikwa porini mwendo wa siku nzima kutoka kwake. Kwenye gogo huwa pamechongwa au pamechomwa alama, mikato michache tu, na anayezijua alama za koo zetu atakuambia mzinga ni wa ukoo gani na mara nyingi ni wa nani. Mishale nayo ilitiwa alama. Mwindaji aliyemjeruhi mnyama na kumfuata mpaka jioni hakuwa na haja ya kubishana na waliomtangulia kwenye mzoga. Mshale ulichomolewa, alama ikatazamwa, maneno yakaisha.

Naanza na mzinga kwa sababu vijana wa hapa Mbumbuni wanaponijia na simu zao, wakitaka tuandike pamoja maelezo ya kazi zao kwa ajili ya Facebook, huniambia kwamba sasa fundi hawezi tena kukaa kimya, lazima ajitangaze, zama zimebadilika. Zama zimebadilika, hilo sibishi. Lakini sijasikia wakati wowote katika nchi hii ya Ukambani ambapo fundi aliweza kukaa kimya. Nimechora vibao vya maduka hapa tangu mwisho wa miaka ya sabini, na kazi hiyo imenifundisha kusoma historia ya soko letu mahali ambapo wengi hawatazami: mstari wa chini kabisa wa kibao, ule unaomwambia mteja atampata wapi mwenye kazi.

Mbumbuni iko upande wa mashariki wa milima ya Mbooni, katika eneo la Kisau. Ukitoka juu milimani, kwenye mashamba ya ngazi na hewa ya baridi, unateremka kwenye nchi kavu inayoendelea hivyo hivyo kuelekea Mto Athi na Kitui ng'ambo yake. Hadi mwaka 1992, Makueni haikuwa wilaya, sote tulikuwa Machakos. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka na zote mbili huweza kukosa. Kwa hiyo watu wetu walizoea zamani sana kutoka kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine, na anayekwenda kuomba kubadilishana mbuzi au mkufu wa shaba kwa nafaka katika nchi ya watu anahitaji kitu kimoja kabla ya vyote: awe na mtu kule anayemjua. Biashara kubwa ya Wakamba ya karne ya 19 iliota kwenye mizizi hiyo. Kivoi wa Kitui, aliyepeleka misafara ya pembe za ndovu Mombasa, na ambaye alihusika na biashara ya watumwa pia, alikuwa mtu aliyelijenga jina lake kwa makusudi kutoka pwani mpaka Mto Tana. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika kwake mwaka 1849, na kuuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba akiwa huko Kitui, alikuwa mgeni wa mtu ambaye Mombasa walikuwa wakimtaja. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa njiani walipokuwa wakielekea Tana, na Krapf alirudi peke yake kwa taabu kubwa. Mtu aliyekuwa akimdhamini hakuwepo tena.

Nyumbani, jina la mtu lilikaa thome. Hapo ndipo wanaume walipoota moto jioni nje ya boma na kuyapima mambo ya utui, yaani kijiji kizima: nani amechelewesha mahari, mganga gani amekula mbuzi wa mtu bila kumponya, nani anachonga kiti cha miguu mitatu kisichotikisika. Sifa ya fundi ilitoka kwenye midomo ya watu waliomwona akifanya kazi, na waliokuwa tayari kuitwa na kuulizwa. Hakuna aliyejisifu mwenyewe pale. Aliyetaka kusifiwa alifanya kazi nzuri kwa mtu mwenye maneno mengi.

Kisha ikaja serikali ya kikoloni na karatasi yake. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume aliyefikisha umri wa kazi alipewa kipande, na wengi walikitia ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Babu yangu, ambaye sisi tulimwita umau, alikivaa katika mashamba ya mkonge. Ndani mlikuwa na jina lake, kabila lake, chapa ya vidole, na safu za kuandikia: mwajiri ni nani, ameanza lini, analipwa kiasi gani, ameondoka lini. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na akitoroka alitafutwa kwa karatasi ile ile. Mshahara wa zamani ukionekana ni mdogo, mwajiri mpya hakuona sababu ya kuongeza.

Huu ndio wasifu wa kwanza wa kazi ulioandikwa katika familia yetu. Umau hakuandika hata herufi yake moja, na hakuweza kuusoma. Nalirudia jambo hili kwa vijana mara nyingi, na sitaacha kulirudia, kwa sababu wanapoona kisanduku tupu kwenye simu kinachosema andika kuhusu wewe, wanakiona kama usumbufu. Mimi nakitazama nikimkumbuka mzee aliyebeba maelezo yake shingoni kwa miaka mingi huku yakiwa ni siri baina ya watu wengine. Wapishi na watumishi wa nyumba za Wazungu walikuwa na barua za sifa pia, walizozifunga kwenye kitambaa na kuzihifadhi sandukuni, na kulikuwa na masimulizi mengi ya mtu aliyezunguka Nairobi na barua inayomwita mvivu akidhani inamsifu. Kipande kilidumu mpaka baada ya Vita vya Pili.

Wakati umau akiwa na kijaluba chake, kulikuwa na mtu anayejenga jina la aina nyingine. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda na jeshi Tanganyika katika Vita vya Kwanza, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi na ujuzi ambao baadaye ulizilisha nyumba nyingi sana Ukambani. Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji. Wengine wakahamia Mombasa, na mwaka 1963 chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, kikaanzishwa Changamwe. Nilikwenda kule nikiwa kijana, nikapita kwenye vibanda ambamo mamia ya wanaume walikaa wakichonga twiga na vifaru kutoka kwenye mpingo na muhugu, vumbi likiwa limewafunika nyusi. Chumba cha kuuzia kilikuwa kimejaa. Nikageuza swala mmoja nitazame chini, nikakuta namba ya mwanachama na bei. Namba ile ilimhakikishia mchongaji kwamba fedha zake zitamfikia, na chama kiliitumia kwa uaminifu. Lakini mgeni aliyenunua swala yule akampeleka Ujerumani au Marekani aliondoka na kazi ya Mkamba, hakuondoka na jina la mtu. Ilikuwa hivyo hivyo kwa vyondo vya akina mama wetu. Miaka ya sabini na themanini vyondo vya mkonge vilitoka Ukambani kwa marobota, vikiuzwa ughaibuni kama mikoba ya mitindo, na kibandiko kilichoshonwa ndani kilikuwa cha mwenye duka la huko. Viwanda vya mbali vilipoanza kuviiga kwa mashine, wanunuzi hawakuwa na jina la mwanamke yeyote wa kumrudia.

Ndipo nilipoingia mimi na brashi yangu. Kibao cha wakati ule kilikuwa bati au ubao laini, nikipiga kwanza koti mbili za rangi nyeupe ya mafuta, nikinyoosha uzi uliopakwa chaki kuupigia mistari, halafu herufi. Juu palikaa jina la duka, katikati kazi zinazofanywa, na pembeni, kwa wale wenye uwezo, picha: kichwa chenye nywele zilizochongwa kwa kinyozi, mkasi na suruali kwa fundi cherehani, meno kwa mganga wa meno wa kienyeji. Mstari wa chini ulikuwa S.L.P. Karibu wote walitumia sanduku la mtu mwingine, la shule au la kanisa, wakitanguliza neno ‘kwa’ kisha jina la mwenye sanduku. Mteja wa mbali aliyeandika barua alijua basi kwamba mwalimu mkuu au mchungaji atakuwa ameiona bahasha. Hilo lilikuwa jambo la maana kuliko linavyoonekana. Fundi aliyekula amana ya mtu alijua malalamiko yatapitia mikononi mwa mchungaji.

Vibao vichache sana vilipata namba ya simu ya mezani, ile ya tarakimu chache unayomwomba opareta akuunganishie. Namba hizo zilikuwa za wenye maduka ya jumla na mashine za kusaga. Sisi wengine tulikuwa na redio.

Sijui kama vijana wanaelewa ukubwa wa salamu za redio. Ulinunua kadi za salamu, ukaandika jina lako, mahali ulipo, na orodha ya unaowasalimu, ukaituma kwa posta kwa Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Mtangazaji akasoma kadi yako baina ya muziki, na nchi nzima ikasikia. Mtu aliyetuma kadi kila wiki alijulikana Busia na Lamu na watu ambao hawatamwona maisha yao yote. Walijipa majina ya umaarufu, marefu yenye madaha, na ndani ya jina hilo waliiweka kazi yao na soko lao, kwa namna ambayo msikilizaji alijua kuna fundi wa baiskeli mahali fulani Makueni na ni mtu mchangamfu. Fundi wa redio wa hapa kwetu, ambaye amekwisha kufariki, alikuwa bingwa wa salamu. Alitenga fungu la mapato yake kwa kadi kama mwingine anavyotenga karo. Watu walipanda basi kutoka Kitui kumletea redio zilizoharibika, wakiwa wamepita mafundi wengi njiani, kwa sababu walihisi wanamfahamu.

Mashabiki hao wa salamu waliunda vilabu. Mmoja akilazwa hospitali wengine walimtembelea, akifiwa walichanga. Wakati wa kukutana, mtu aliyekuwa sauti tu aligeuka kuwa uso, na aliyejisifia hewani kazi asiyoiweza aligunduliwa siku hiyo hiyo. Hata adabu ya mambo haya ilifundishwa redioni: Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na kwa miongo mingi watu walijiuliza neno hilo kabla ya kutenda. Naamini kwa dhati kwamba waliotuma salamu ndio walioanzisha hapa Kenya yale tunayoyafanya leo kwenye mitandao: kuonekana mara kwa mara, kwa jina moja lisilobadilika, na kuwataja wengine zaidi ya unavyojitaja mwenyewe. Fundi wetu wa redio hakuwahi kutuma kadi ya kusema njooni kwangu. Alisalimia watu.

Gazeti lilikuwa la tabaka jingine. Tangazo la kazi yako katika Daily Nation lilikuwa ghali. Ila kuna ukurasa mmoja ambamo familia za huku zilijitokeza kwa ukamilifu, nao ni ukurasa wa matangazo ya vifo. Kwa jirani yetu mmoja, mkulima asiyewahi kuajiriwa popote, tangazo lilitaja watoto wote na, katika mabano, kazi zao: wa benki, wa wizara, wa chuo kikuu, wa Marekani. Nililisoma nikaona jambo ambalo halikuwa limewahi kuandikwa popote pale mzee akiwa hai. Watu wanaodhani Wakenya walijifunza kutangaza vyeo vyao baada ya LinkedIn kuzinduliwa mwaka 2003 hawajausoma ukurasa huo vizuri.

Simu ya mkononi ilibadilisha mstari wangu wa chini kwa ghafla. Safaricom na KenCell zilianza biashara mwaka 2000, na baada ya miaka michache nilikuwa nikifuta S.L.P. moja baada ya nyingine na kuandika tarakimu kumi. Mwanzoni mtandao ulipatikana ukipanda kilimani, na kulikuwa na mawe yanayojulikana ambako watu walisimama kuongea. Nilifurahia kazi ile kwa sababu ililipa, lakini niliona pia kilichokuwa kikiondoka. Namba ilimfikia fundi moja kwa moja. Mchungaji aliyekuwa akiiona bahasha hakuwemo tena. Mtu akiona deni limemzidi alibadilisha laini, na kibao kilichokuwa kipya kikawa kinamwita mtu asiyekuwepo. M-Pesa ilipokuja Machi 2007, amana ilianza kutumwa kabla ya fundi na mteja kuonana, na hapo visa vya watu kupoteza fedha vikaongezeka sokoni. Tulivizungumzia sana, hasa siku za soko. Kila mmoja alikuwa na shangazi aliyetuma pesa ya kitanda.

Mitandao ya kijamii ilitukuta katika hali hiyo. Facebook ilikuwepo tangu 2006 kwa kila mtu, na mwaka 2009 ikawekwa kwa Kiswahili, mwaka huo huo nyaya za baharini zilipofika Mombasa na gharama ya intaneti ikaanza kushuka. Lakini Mbumbuni ya 2009 iliiona kupitia saiba za Machakos na Wote, ambako mtu alilipa kwa dakika na kuondoka bila hata kufunga akaunti yake. Kurasa za mwanzo zilikuwa za vijana na picha zao wakiwa wameegemea magari ya watu. Kazi haikuwemo.

Aliyenifanya niutazame mtandao kwa heshima hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, ambaye habari zake zilivuma mwanzoni mwa 2012. Aliandika Twitter kuhusu wezi walioingia nyumba fulani, majirani wakaizunguka, wezi wakakimbia. Aliandika kuhusu kondoo aliyepotea, akapatikana. Wananchi wasio na simu kubwa walipokea maneno yake kama ujumbe wa kawaida. Nilivutiwa na jambo moja: kila aliyemsoma chifu yule angeweza kutembea mpaka ofisini kwake. Maneno yake yalikwenda mbali, na yeye mwenyewe alikuwa karibu. Hilo ndilo lililokuwa limepotea kwenye vibao vyangu tangu S.L.P. ifutwe.

Tangu wakati huo nimezitazama kurasa za watu wa hapa kwa jicho hilo. Simu za bei nafuu na bando za siku ziliwafikia wengi katikati ya muongo uliopita, na baada ya ugatuzi wa 2013 watu wakawa wanafuatilia mambo ya kaunti kwenye vikundi. Wakulima walikuwa wa kwanza kufanya kazi ya kweli huko. Ukurasa wa Mkulima Young, aliouanzisha Joseph Macharia, ulionyesha vijana kwamba shamba linaweza kuzungumziwa mtandaoni bila aibu, na huku kwetu wenye vitalu vya miche ya maembe wakaelewa haraka. Mwenye kitalu mmoja njia ya Tawa hupiga picha ya mche siku anapoupandikiza, kisha baada ya wiki chache, kisha siku unapotolewa kwenye mfuko. Anasema ni aina gani, Apple au Kent au Ngowe, na anasema waziwazi miche ikimfia. Wateja wamejifunza kumwamini kwa sababu ya ile miche iliyokufa.

Fundi wa chuma anayetengeneza mageti alifika mahali pale pale kwa njia ya uchungu. Picha za mageti yake ziliibwa. Mtu wa mji mwingine alizipandisha kwenye ukurasa wake kama kazi yake, akapokea amana, akatoweka, na waliodhulumiwa wakaja Mbumbuni kumtafuta mwenye geti. Fundi alikaa miezi akiwa hapandishi chochote. Sasa hupandisha kila geti kwa hatua: vyuma vikiwa chini vimekatwa, geti likiwa limesimama bila rangi, mwishowe likiwa limefungwa penye nyumba ya mteja aliyekubali kupigwa picha. Mwizi huipata picha ya mwisho. Hizo nyingine zote hana, na anayetaka kuhakikisha huomba kuonyeshwa geti likiwa halijapakwa rangi.

Mama anayeshona sare za shule hana picha nyingi hata kidogo. Kwa miezi mingi ya mwaka ukurasa wake unaonekana umelala. Kuanzia Novemba huamka, kwa sababu wazazi hukusanya fedha Desemba na shule hufunguliwa Januari, na kila siku huandika jambo moja: kitambaa cha shule fulani kimefika, sweta za kipimo kidogo zimebaki chache, leo hatushoni tuko msibani. Anajibu kila swali, hata la bei aliyokwisha kuiandika. Masoko yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, alishona barakoa akaziuza kupitia vikundi vya WhatsApp vya wazazi bila kuongeza bei, na watu hawajamsahaulia hilo. Vijana huniuliza ni mara ngapi kwa wiki mtu apandishe habari. Nawaelekeza kwake. Yeye hufuata kalenda ya kazi yake.

Wapo waliofanya kinyume na nimewaona wakichoka. Walinunua wafuasi. Walichukua picha za makochi ya Uturuki wakazitia namba yao. Walijaza ukurasa kwa maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa mahali, wakijiita wakurugenzi wa kampuni zisizokuwepo, wakidhani mteja wa Nairobi atawaheshimu. Mteja wa Nairobi ambaye ana asili ya huku hufanya jambo jepesi sana: humpigia simu mama yake kijijini na kumwuliza, je, mtu huyu yupo? Mama humwuliza jirani. Jibu hufika kabla ya chai kupoa. Thome haijaondoka, ila sasa ina watu wa Doha na Dallas, wanaosoma ukurasa na kupiga simu nyumbani kuuliza. Fundi anayelielewa hilo hufanya kazi yake ya mtandao akimfikiria yule mama atakayeulizwa.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi. Kurasa nyingi za mafundi wazee zilifunguliwa na watoto wao, kwa barua pepe za watoto, na paswadi ziko kwa watoto. Mtoto akipata kazi Mombasa au akaenda Ghuba, ukurasa unabaki na picha ya mwaka alioondoka. Maswali ya wateja yanalundikana bila jibu. Wengine wameuziwa kurasa zao wenyewe na vijana wa saiba waliowafungulia. Nikiyaona hayo namwona umau na kijaluba chake, na hasira inanipanda, kwa sababu safari hii hakuna sheria inayolazimisha. Mzee aliyechomelea vyuma miaka arobaini anaweza kujifunza kukumbuka neno la herufi nane.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Mtu akija sasa na kutaka kibao, mstari wa chini huwa na mambo matatu: namba ya simu, namba ya Lipa na M-Pesa, na jina la ukurasa. Kabla sijachovya brashi kwa hilo la tatu, namwomba mwenyewe aufungue ukurasa mbele yangu kwa simu yake na mkono wake. Asipoweza tunakaa kwenye benchi tukafanya mpaka aweze, na binti wa dada yangu hutusaidia akiwa likizo. Wengine hukasirika, wakasema mjomba mimi nimekuja kwa rangi tu. Wanakaa hata hivyo.

Kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, cha akina mama wasukaji wa vyondo kiliniletea ubao wao mwezi uliopita. Walikuwa wamekwisha kukubaliana jina, na rangi, na kwamba kila chondo kitakachopigwa picha kiandikwe jina la aliyekisuka. Ubishi ulikuwa kwenye mstari wa chini. Kijana wa mwenyekiti, aliye Nairobi, alikuwa amependekeza namba yake kwa sababu yuko karibu na wateja wakubwa na simu yake haizimiki. Walibishana kivulini mwa banda langu mpaka jua likageuka. Mwishowe mzee kuliko wote, ambaye wenzake humwita susu, yaani nyanya, akasema mteja akidanganywa atataka kuja, na akija atakuja hapa. Nikaandika namba mbili, zote za wanawake wanaoishi mahali unapoweza kupaona ukisimama sokoni, na jina la ukurasa ambao wote wawili wanajua kuufungua.